Muhuri Mkobani

Jumatatu, 3 Machi. Asubuhi manyunyu, kisha jua kali.

Siku ya nne bila kazi. Ofisini walisema nimepunguzwa. Mama mkwe, ambaye masikio yake ni mazito, ameelewa kuwa nimepungua, na sasa ananiongezea chakula. Sipingi. Mume wangu, fundi cherehani, wiki nzima ameshona kola moja. Watoto watatu wanakula kama wameajiriwa.

Nimesafisha mkoba. Chini kabisa, pamoja na kitana: muhuri wa masjala. IMEPOKELEWA. Ofisi nzima upo mmoja tu! Lazima niliutia humo siku ya kuaga, nikilia. Nikavaa kiatu niurudishe. Kiatu kimoja. Kisha nikakumbuka tangazo nililobandika mwenyewe dirishani pa mapokezi: BARUA ISIYO NA MUHURI HAIJAFIKA. Bila muhuri hawawezi kupokea chochote. Watanifuata wakipiga magoti!

Nikavua kiatu.

Jumatano, 5 Machi. Mawingu.

Wifi yangu mwenye saluni amekuja na manukato yake. Mbele ya mama mkwe akasema ofisi imenitupa, basi Jumatatu nikafagie nywele kwake. Nikamwambia nasubiri simu. Akauliza simu ya nani, ya malaika?

Mchana nikapita getini pa ofisi, kwa bahati tu, mara tatu. Mlinzi akaninong'oneza kuwa ndani hapakaliki, barua zimejaa mpaka kwenye beseni. Na ubaoni: anatafutwa karani wa masjala, mwisho wa maombi Ijumaa saa nne asubuhi. Nimecheka njia nzima. Watu wamenipisha.

Alhamisi, 6 Machi. Joto.

Nimepeleka ombi. Kurasa mbili, pambizo nimepima kwa rula. Binti wa mapokezi, niliyemfundisha kazi mimi, akanipa shikamoo kisha akanirudishia barua. Haina muhuri. Nikamwambia aiweke tu kwenye beseni na maombi ya wenzangu. Akasema yale kumi na moja yameletwa na watu wasiojua utaratibu, nayo hayajafika. "Lakini wewe dada unajua! Ulituambia hata meneja akileta barua ya mama yake tuikatae."

Sijawahi kumchukia mwanafunzi bora kiasi hiki.

Ijumaa, 7 Machi. Hali ya hewa sikuiangalia.

Saa tatu na nusu, chooni mwa ofisi, juu ya goti: pa! Muhuri umenyooka, tarehe sahihi. Nikapeleka barua dirishani, uso mkavu.

Binti akaitazama. Akapiga kelele ya furaha kuwa muhuri umepatikana! Wakatoka watu wa vyumba vyote. Meneja akatoka na chai mkononi. Akauliza muhuri ulikuwa wapi. Nikasema nimeuokota. Akauliza wapi. Nikasema mkobani.

Nikaona nijitetee kitaalamu: kwa mujibu wa utaratibu, ombi lililofika ni langu peke yake, kwa hiyo kazi ni yangu. Meneja akafikiri. Nadhani karibu akubali. Kisha akanyoosha mkono, akauchukua muhuri, akavuta beseni. Pa, pa, pa, mara kumi na moja. Yote yamefika kabla ya saa nne. Kazi akampa binti wa mapokezi, ambaye hata hakuomba, kwa uaminifu wake kwa utaratibu. Utaratibu wangu mimi!

Nyumbani nilisema nimepunguzwa tena. Mama mkwe akaniongezea kijiko.

Jumatatu, 10 Machi. Asubuhi jua, upepo kidogo.

Nimefagia nywele tangu saa mbili. Wifi ananiita "karani" mbele ya wateja, na wanacheka kwa zamu. Lakini nimechunguza utendaji. Saluni nzima inategemea daftari moja la miadi: nani anasukwa lini, saa ngapi, mtindo gani. Nakala hakuna. Bila daftari hilo wifi hajui hata jina la mteja wa kesho asubuhi. Atahitaji mtu mwenye kumbukumbu nzuri, tena wa kukaa mezani, si wa fagio.

Daftari limo mkobani mwangu. Kwa bahati mbaya, bila shaka.

Saa tatu kasorobo. Nalala, na usingizi utakuwa mzito.