Ripoti Yangu Juu ya Papa Désiré

Jumatatu, tarehe 8 Septemba

Ofisi ya Maneno imebandika orodha mpya sokoni. Neno "njaa" limefutwa. Sasa tuseme "mapumziko ya tumbo". Atakayelitamka anashuka daraja, atakayemripoti anapanda. Mimi Mahmoudi, mchora mabango, ni Mtu wa Kati. Nikipanda kuwa Mtu wa Mbele, nyumba ya mabati mapya hapa Makiso. Nikishuka, navuka mto na mke wangu na binti yetu Ramla, kuishi Lubunga na Watu wa Nyuma. Bon, nipande. Nitamripoti jirani yangu Désiré, mchora mabango mwenzangu. Herufi zake zimenyooka kuliko zangu, na watu wanalisema hilo mbele yangu.

Jumatano, tarehe 10

Nimemwalika Désiré chakula cha mchana. Nilimwonya mke wangu Safiya asipakue mpaka nikohoe. Mgeni akae, harufu ya majani ya pondu na samaki imtese, neno limtoke lenyewe. Saa sita. Saa saba. Saa nane na nusu. Désiré akasema tumbo lake linapumzika vizuri sana, asante Papa Mahmoudi. Mtu mbaya huyu. Akasifu hata ukuta wangu.

Saa tisa Safiya akatoka na mwiko mkononi, akauliza kwa sauti ya kusikika barabarani: "Papa Ramla, njaa iko inatuua, utakohoa lini?"

Nikakohoa, tena kikohozi cha kweli, kikakataa kuisha. Désiré akala, akashukuru, akaenda zake.

Alhamisi, tarehe 11

Sina raha. Désiré atatushitaki, tutavuka mto, Ramla ataacha shule. Lazima nimtangulie! Nimekimbia ofisini na karatasi: Désiré alitamka neno njaa nyumbani kwangu. Uongo, najua. Mama Rosine wa dirishani akasoma, akaifunika haraka kwa mkono. Akasema ni marufuku kuandika neno lililofutwa, hata kwenye ripoti, na kuliandika ni kosa kubwa kuliko kulitamka. Nikauliza, alors watu wanaripoti vipi? Akasema ndiyo maana hajapanda mtu hata mmoja. Nikauliza Désiré ameandika nini juu yetu. Akashangaa. Désiré hajakanyaga pale. Akagonga muhuri.

Jumamosi, tarehe 13

Tumeshuka. Safiya amefunga sufuria zote. Désiré akaja na baiskeli yake, akabeba godoro letu mpaka mtoni, akavuka nasi, akampa Safiya mkungu wa ndizi za makemba. Nimeona aibu, aibu ya kweli, nikashindwa kumtazama usoni.

Tulipofika Lubunga akaketi juu ya godoro, akafuta jasho, akasema amechoka.

Neno hilo limefutwa tangu Julai. Na hata Mtu wa Nyuma anaruhusiwa kuripoti, nimeuliza. Safari hii siandiki neno lolote, si mjinga. Nimetafuta penseli. Nitamchora.