Ombi la Kusimamisha Somo la Densiti Hadi Bakuli Letu Lirudishiwe Heshima

Kwa Mwalimu Mkuu,

Mimi ni babu wa yule mwanafunzi wako wa darasa la sita ambaye nyumbani tunamwita Profesa. Natumaini shule ni nzima na chaki zinatosha. Sisi hatujambo, isipokuwa amani yetu, ambayo imekuwa mgonjwa tangu mwalimu wa sayansi afundishe tungamo, ujazo na densiti.

Naomba nieleze taratibu. Nilipooa niliweka sheria moja: humu ndani kila kitu kitagawanywa kwa bakuli lilelile la bati, na mgawaji ni mimi. Shemeji yangu, kaka wa mke wangu, ambaye alikuja kututembelea na hajamaliza kututembelea, hupewa bakuli la karanga. Mimi hujipa bakuli la bisi. Bakuli kwa bakuli, nani alalamike? Sasa yasikilize malalamiko.

1. Profesa aliipandisha migao yetu yote miwili kwenye mizani ya jikoni. Ujazo, akasema, ni nafasi ambayo kitu kinachukua, na hapo mababu mko sawa. Tungamo ni kiasi cha maada kilichomo, na hapo, babu, umepunjwa tangu siku ya ndoa. Karanga zimeshonana, bisi zimejaa hewa. Huko kushonana ndiko densiti. Shemeji alicheka mpaka akapaliwa.

2. Mke wangu, ambaye hapendi dhuluma, akanipokonya bakuli, akaamuru tugawane kwa mizani. Ili bisi zangu zilingane na karanga za shemeji, sasa naletewa beseni la kufulia, limejaa hadi kilele. Nikiketi nyuma ya mlima huo siioni familia yangu. Juzi niliwausia kwa kirefu juu ya adabu ya mezani, kumbe walishaondoka.

3. Nilijitetea kisomi. Profesa akaniuliza kipi kizito, kilo ya pamba au kilo ya misumari. Nikajibu misumari, tena kwa sauti ya mtu aliyesoma. Hata jirani aliyekuja kuomba chumvi alicheka, na chumvi tukampa! Mwalimu Mkuu, kilo ya misumari ikikudondokea mguuni, utasema ni sawa na pamba?

4. Hili ndilo linaloniuma. Ili kupata ujazo wangu, nilitumbukizwa kwenye pipa lililojaa maji pomoni, kwamba yatakayomwagika ndiyo ujazo wa babu. Sufuria za kukingia zikaisha, tukaazima za jirani. Halafu nikaelea. Kwa kuwa sehemu yangu ilibaki juu, ujazo wangu kamili haujulikani mpaka leo, ingawa mke wangu alinishindilia kwa mwiko. Profesa akatangaza kuwa densiti ya babu ni ndogo kuliko ya maji, naye shemeji, karanga zikiwa mdomoni, akapaza sauti: "Kumbe bwana mkubwa naye ni bisi!" Tangu hapo nikitoa amri, mtu hupuliza, fuu, aone kama nitapeperuka.

Kwa hiyo naomba mada hiyo isimamishwe mpaka wanafunzi wote wawe na nyumba zao. Naomba pia shule itoe tamko lenye mhuri kwamba mkuu wa kaya ana densiti kubwa kuliko maji, na maji yenyewe yaonywe. Ikishindikana, hilo la maji nasamehe. Lakini bakuli sisamehe. Mtu ambaye hagawi chochote mezani, Mwalimu Mkuu, kazi yake pale ni kutafuna tu, na kutafuna hata shemeji anaweza.

Nisalimie walimu wote, mpishi wa shule na mlinzi wa getini. Mwalimu wa sayansi naye msalimie, ila salamu zake ziwe na hewa kidogo.

Wako katika kutetea bakuli,
Babu yake Profesa

Nyongeza: Haya nayaandika mgongoni mwa bahasha. Barua ilikuwa nene, bahasha ikakataa kufungika, basi nikaikalia barua nikinywa chai. Tungamo ni ileile, maana sijafuta hata neno, ujazo umepungua, densiti imepanda, bahasha imefungwa. Kwa hiyo mada isisimamishwe, tena mwalimu aongeze mazoezi. Bisi za leo nimezitia kwenye mfuko na ndizo ninazozikalia sasa hivi. Bado kidogo tu zitaenea bakulini.