Shule Iliyopatikana Kwenye Mikunjo ya Ramani

Ilitangazwa kwa kipaza sauti, watu wakiwa wamesimamishwa wima: kuanzia Jumatatu, kila shule ya msingi katika vijiji vya nyuma ya Likoni itakaa katikati kabisa ya eneo lake, ili uchelewaji ukomeshwe kitaalamu.

Mtaalamu mwenyewe alikuwa Bwana Jafar, Afisa wa Mipango. Vijijini alipita na gari, vioo juu. Vumbi huharibu takwimu. Aliikunja ramani ya kila eneo mara mbili, akaikunjua, akatia nukta palipokutana mikunjo, akapiga muhuri. Mpango ulikamilika chai haijapoa.

Mwalimu Mwanarusi akaingia ofisini mwake na ombi lake la tatu. Upepo ulikuwa umeondoka na paa la darasa la kwanza, na masika yako mlangoni.

"Bwana Afisa, mabati ishirini tu. Watoto arubaini na watatu watanyeshewa."

"Siwezi kuezeka shule iliyo pembeni, mwalimu. Hamieni kwenye nukta."

"Na hapo kwenye nukta pana nini?"

"Kitaalamu, hapana kitu."

"Umekwenda kupaona?"

"Mama, ramani hutazamwa, haiendewi."

Akamtilia sahihi amri: shule ihamie, mwenye kiwanja asipinge, rufaa hakuna.

Mwanarusi aliitazama ile nukta, akaitazama tena, akashukuru mno. Bwana Jafar akadhani ni adabu.

Jumatatu asubuhi alikuwa kwake, kwenye nyumba mpya ya marumaru aliyoijenga mbali na kelele, akichovya mahamri kwenye mbaazi.

"Hodi!"

"Karibuni!" akaitikia, kama alivyolelewa.

Wakakaribia arubaini na watatu. Walivua viatu mlangoni, kila mmoja na shikamoo yake. Hadi amalize marahaba zote, mbaazi zilishaganda.

"Mwalimu! Hapa ni kwangu!"

"Hapa ni kwenye nukta," alisema Mwanarusi, amri mkononi.

"Nadira! Watoe hawa!"

Mkewe alikuwa tayari anateleka sufuria kubwa ya chai. "Niwatoe vipi, na wewe ndiwe uliyewakaribisha? Mgeni hafukuzwi, wallahi. Wataka tusemwe mtaa mzima?"

Mlango wa jokofu ukawa ubao, makaa yakawa chaki. Kufikia saa nne Bwana Jafar alikuwa ametia sahihi mabati ishirini, na misumari juu, ambayo hakuna aliyeiomba.

"Tutahama paa likishaezekwa, inshallah," alisema Mwanarusi. "Hadi hapo keti nyuma, baba, unaziba ubao."

Akaketi. Kisha Afisa wa Mipango akainua mkono kuomba ruhusa ya kwenda kwenye choo chake mwenyewe.