Vita vya Feni Tano na Nyota Zilizozaliwa Mezani

Tegeni masikio, enyi mliokaa na mliosimama, mlio na shughuli na mnaojisingizia shughuli! Wawekeni kando wafalme walioteka miji, maana leo nasimulia jinsi feni ya dari ilivyoshushwa kutoka tano hadi moja, na dunia isiwe tena ile ya jana.

Alikuwako mtunza maabara wa shule, mfupi wa kimo, mrefu wa ghadhabu, Mshika Koleo, Kiboko ya Mabomba Yavujayo, ambaye watu wote walimwita Mama Maabara. Mwalimu wa fizikia alipohama, yeye peke yake alibaki na chama cha wanafunzi watazama nyota. Na asubuhi ile Mkaguzi alikuwa anakuja kuamua: chumba chao kibaki chao, au kigeuzwe ghala la madawati mabovu.

Basi akatandika kitambaa cheusi mezani, akatandaza unga kilo nzima kuwa gesi ya galaksi, akaweka kifuniko cha chupa kuwa shimo jeusi. Na kwa kuwa kitovu ni kitovu, meza akaisimamisha katikati kabisa ya chumba. Ole wake! Juu ya kitovu hicho alining'inia adui: feni, Mtawanya Karatasi, ambayo swichi yake ya kuzungusha, pale juu ukutani, ilivunjika miaka sita iliyopita ikiwa kwenye tano, na tano ikawa sheria.

Mkaguzi akaingia na suti yake nyeusi. Mkuu wa Shule, mama wa heshima na jasho, akaiwasha feni ili kumkirimu mgeni.

Upepo ukashuka kama jeshi lililonyimwa posho. Galaksi ikainuka yote kwa pamoja. Vumbi lilipotulia, mezani palibaki kitambaa na kifuniko tu, na Mkaguzi alikuwa mweupe hadi kope.

"Ndiyo nini hii, mama?"

"Ndiyo galaksi, mheshimiwa," akajibu Mama Maabara bila kupepesa. "Hapo ulipo umevaa nyota elfu ambazo hazitazaliwa kamwe."

"Umetumaliza," akanong'ona Mkuu.

"Bado. Sikiliza, mheshimiwa. Gesi inayolikimbilia shimo jeusi haimezwi yote. Huzunguka, hupata moto wa kutisha, na nyingine hurushwa nje kama upepo. Upepo ukiwa mkali namna hii, gesi inafukuzwa, na pasipo gesi hakuna nyota. Ukiwa wa wastani, unaweza kuisukuma ikarundikana, na kwenye mrundikano nyota zikazaliwa. Nipe dakika tano nikuonyeshe."

Mkaguzi akatazama saa yake, akaifuta unga, akaitazama tena. "Tatu."

Pakiti ya unga ilibaki moja, ndogo.

"Si uizime tu hiyo feni?" akasema Mkuu.

"Nikizima ataona unga mezani. Huo hata jikoni kwake upo."

"Na ukipunguza, mimi nitayeyuka!"

"Yeyuka, Mkuu wangu. Elimu ina gharama."

Akapanda kiti, akachomoa koleo mfukoni mwa koti lake, akakibana kisiki cha swichi. Koleo likateleza. Akabana tena, meno yameumana, kiti kikilia chini yake kama farasi wa vita. Tano ikaanguka kwa mlio wa kuvunja moyo. Nne ikapinga kidogo kwa ajili ya heshima. Tatu na mbili zikatoroka pamoja. Na moja, ngome ambayo kizazi kizima cha wanafunzi hakikuwahi kuiona, ikafungua malango yake.

Feni ikakohoa, ikazunguka polepole.

Akamwaga unga wa mwisho. Upepo mwanana ukaugusa, ukausogeza kutoka kwenye kifuniko, ukaujenga kuwa tuta jembamba kukizunguka.

"Hapo," akasema Mama Maabara, akimpa Mkaguzi punje ya mchele kutoka mfukoni, iwe nyota. "Zalisha."

Mkaguzi akainama na suti yake nyeupe, akaichomeka punje kwenye tuta. Akaomba nyingine. Alipomaliza kumi na saba, akachukua kalamu akaandika mbele yao: *Chumba kibaki.*

Hivyo ndivyo ilivyokuwa, na vizazi viandike: wengi walipigana na upepo, mmoja tu aliushusha hadi moja. Mkuu, akitiririka jasho, akanyakua daftari akaanza kujipepea kwa nguvu zote.

Mshindi akamshika mkono.

"Taratibu, Mkuu. Hapa kuna watoto wachanga."