Mandhari ya Bonde, na Suruali Yangu

Jumatatu, 4 Machi

Salaale! Nafasi yangu imekaliwa!

Nimepanda kilima alfajiri na turubai, rangi za mafuta na mwavuli, mpaka chini ya tangi la maji, mahali pekee panapoonyesha bonde zima. Nani kajikalia? Mkunga mstaafu! Brashi kazipanga kama vifaa vya leba. Kanikaribisha kwa tabasamu, kisha kaeleza kwamba ndiye aliyemzalisha mama yangu, na kwamba nilitoka nimetanguliza miguu. Mbele ya mchunga ng'ombe!

Mke wangu asijue. Kasema wazi: Jumamosi, siku ya maonyesho ya picha, nisipoonekana kwenye ukuta wa ukumbi, chumba cha nyuma kinakuwa cha cherehani yake. Studio yangu! Nitachorea wapi, jikoni?

Jumanne, 5 Machi

Nimempata! Nimemwambia mkunga, kwa upole wa mwana kwa mama, kwamba chini ya tangi pana siafu. Kanishukuru, kaniombea dua, kahamia ng'ambo ya kijito. Kilima changu.

Nikachora mbingu. Nikachora miti. Kuinua macho, vivuli vimehama! Asubuhi vilikuwa kushoto, sasa kulia. Nikachora na hivyo pia. Bonde langu lina majua mawili.

Mke wangu kauliza rangi zitakauka lini. Nimesema kesho. Rangi za mafuta, kesho! Ulimi huu!

Jumatano, 6 Machi

Siamini.

Siafu WAPO.

Walipanda kimya kimya mpaka juu ya magoti, kisha wakauma kwa pamoja. Nilipiga yowe. Suruali nikaivua, nikaitupa, ikanasa kwenye ngazi ya tangi. Nikaruka, nikajipiga makofi, nikajimwagia tapentaini ya kusafishia brashi. Tapentaini, kwenye vidonda! Sikujua mtu mzima anaweza kulia vile. Nikaikumba stendi ya turubai, picha ikalala kifudifudi. Kuinua: nyasi, mchanga na siafu, wote wamenasa mbinguni.

Nashukuru kitu kimoja: hakuna aliyeniona. Mkunga alikuwa kule ng'ambo, lakini muda wote kainamia turubai lake, anapaka rangi kwa bidii ya ajabu.

Ijumaa, 8 Machi

Nimepeleka picha. Karani wa ukumbi kauliza kama wadudu ni sehemu ya kazi. Nikajibu kwa majivuno kwamba ndio uhalisia wenyewe. Papo hapo siafu mmoja akajinasua, akatembea mezani mpaka kwenye kikombe chake cha chai.

Imekataliwa. Sijamwambia mke wangu.

Jumamosi, 9 Machi

Nimepigwa na butwaa. Watu wote wamesongamana mbele ya picha moja. Ya mkunga. Zawadi ya kwanza! Kijito, bonde, mwanga mtamu wa asubuhi, na kilimani, chini ya tangi, mwanamume asiye na suruali, mikono hewani.

Kila mtu kanitambua! Fundi viatu kanitambua kwa soksi! Shemeji kacheka mpaka kakaa chini. Mkunga kanikumbatia, kawatangazia watu kwamba miguu ile yeye aliiona kabla ya mtu yeyote. Nilitamani ardhi ipasuke.

Lakini mimi si mtu wa kukata tamaa. Nikamwendea mke wangu, nikamkumbusha sharti lake. Si alitaka nionekane ukutani? Basi naonekana! Katikati kabisa, tena chini ya taa! Midomo ikamcheza, kisha kasema cherehani iliingizwa tangu asubuhi.

Asubuhi! Kabla hata milango ya ukumbi haijafunguliwa! Hakuniamini hata kidogo. Hilo limeniuma kuliko siafu.

Jumapili, 10 Machi

Naandika jikoni, kati ya sufuria na kapu la vitunguu. Cherehani inanguruma chumbani kwangu. Mke wangu kanishauri nikae nijitafakari, nione kosa langu liko wapi.

Nimekaa. Nimejitafakari. Nimeliona.

Siafu! Nani alinituma kutaja siafu? Mwakani namwambia mkunga pana nyuki.