Gari la Kulia Tu

Jumatatu, 3 Juni
Harusi ya binti yangu ni Jumamosi. Leo nasikia atapelekwa ukumbini na Mume Mwenza! Ndivyo ninavyomwita huyo aliyemwoa mtalaka wangu. Ana gari jipya, linang'aa kama sufuria ambayo haijawahi kupika. Mimi nina gari la marehemu baba, la enzi zile magari yalipokuwa na sura. Nikampigia binti. Nikamkumbusha kuwa damu nzito kuliko maji. Akasema sawa, nitampeleka mimi, ila nisimwaibishe. Nimwaibishe! Mimi!

Kasoro ni magurudumu tu. Membamba, kama ya baiskeli. Gari limevaa suti na ndala.

Jumanne, 4 Juni
Nimepata rimu. Pana, zinawaka! Fundi akauliza kama nimezipima. Nikamwambia gari lina nati nne, rimu ina matundu manne, ya nini tena kupima? Akasema matundu si hoja, hoja ni upana, na jinsi rimu inavyotokeza nje. Nikamwambia mteja ni mfalme. Akasema haya, mfalme, akazifunga. Magurudumu ya zamani nimemwachia yawe malipo yake. Ameyapokea haraka mno.

Jumatano, 5 Juni
Kwenda mbele, safi. Kukata kulia, safi. Kukata kushoto, balaa! Madigadi ya upande ule ilibonyea tangu baba alipogonga geti, na gurudumu linaikwangua hadi moshi unatoka. Nikarudi kwa fundi nikitaka magurudumu yangu. Kashayauza, jana hiyo hiyo! Akasema dawa ni kukata madigadi. Nikate gari la baba? Nikamwambia akakate la baba yake.

Nikimweleza binti ukweli, Mume Mwenza atashika usukani. Hilo halitatokea nikiwa hai.

Alhamisi, 6 Juni
Nimepata ufumbuzi. Njia ya kulia tu! Penye kona ya kushoto, unanyoosha mbele kidogo, halafu unapiga kulia, kulia, kulia, unatokea kule kule. Nimeichora njia nzima nyuma ya kadi ya mwaliko. Kwa akili hizi, nchi ingenipa wizara. Imewapa nani? Wajinga.

Jumamosi, 8 Juni
Nilisahau mzunguko wa sokoni.

Kuingia tuliingia, kwa kukwaruza. Ukishakuwa ndani ni kulia, kulia, raha mustarehe. Lakini kutoka ni kushoto! Tukazunguka. Binti akauliza mbona hatutoki. Nikasema nawaonyesha watu bibi harusi. Tukazunguka tena. Nyuma yetu Mume Mwenza na mtalaka wangu, nao wanazunguka, yeye akipiga honi kwa adabu. Adabu yake ndiyo inayoniua. Wauza matunda wakawa wanatushangilia kila tukipita. Nikauma meno, nikakata kushoto. Tairi likapasuka.

Binti hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Alikusanya gauni lake, akasema pole, Baba, akahamia gari la nyuma. Mtalaka wangu akachungulia dirishani, akasema gari langu linajua kulia tu, kama mwenyewe. Walipoondoka nikalia kweli, juu ya usukani, mchana kweupe.

Nilifika ukumbini kwa miguu. Mume Mwenza alikuwa ameshaingia na binti yangu, mkono kwa mkono. Watu walipiga makofi, nilielezwa. Nikapewa kiti karibu na jikoni.

Jumatano, 12 Juni
Binti kapiga simu. Jumapili atakuja na mumewe kunisalimia. Nikasema nitawafuata stendi na gari. Akasema hapana, Baba, usijisumbue, tutachukua teksi. Alisema polepole, kama anayembembeleza mgonjwa. Najua ni nani kamfundisha sauti ile.

Nimekaa kutwa nzima nikijichunguza bila huruma. Mtu mzima hukubali kosa lake, na mimi nimeliona langu. Zile rimu zilikuwa nyembamba. Nimeshaagiza pana zaidi, na Jumapili nitakuwa stendi kabla ya teksi zote.