Ombi la Kumhamishia Matar Skuli ya Watukutu

Kikwajuni, Unguja
6 Oktoba 1970

Ndugu Mkuu wa Skuli ya Watukutu,

Kwa heshima, na kwa kuwa nshachoka, nakuomba umpokee mwanangu Matar, umri miaka kumi na mitano. Hajahukumiwa kwa kosa lolote. Hilo ndilo tatizo, na naomba tulitatue pamoja. Sababu zangu:

1. Pandu, mtoto wa dada yangu, aliletwa kwenu kwa wizi wa mabata. Juzi mlimpa ruhusa ya siku tatu. Salale! Kaingia kwangu na shikamoo mpaka kwa paka, kafagia ua, kala, kaosha sahani, kalala fofofo. Nilipomuuliza siri, akasema kwenu wanalima, wanajifunza useremala, wanasali, basi. Mitihani hakuna.

2. Matar yuko skuli ya wenye akili. Kila wiki mtihani, na majina hubandikwa mlangoni, wa kwanza mpaka wa mkia. Mtoto hali, halali, kucha kazitafuna zimekwisha. Naogopa ataanza za wadogo zake. Ndani ya mwezi mmoja kammwagia wino mwalimu wa hesabu, katoroka mara nne kwenda Bububu kuogelea, na wiki iliyopita kengele ya skuli ikapotea. Watoto mia tatu walikaa wakisubiri mtihani usioanza. Kengele nimeikuta ndani ya pipa langu la unga.

3. Mwizi kawekwa na wezi, katoka mtu. Mwanangu kawekwa na wenye akili, anatoka mwizi. Kosa la nani kama si la skuli? Kwangu hakosi malezi. Kila siku nampokea kwa kumuuliza katoka wa ngapi, kabla hajavua viatu. Akisema wa pili, namtaka anieleze huyo wa kwanza anakula nini.

4. Naambiwa hampokei mtoto asiye na kosa la polisi. Kengele haifai, maana mwalimu wake mkuu anaona haya, anasema iko kwa fundi. Basi nitajie kosa dogo lenye kutosha. Jirani yangu Bi Tabia yuko tayari kuibiwa bata mmoja, kwa sharti arudishwe mzima.

Wadogo zake, Simai na Usi, wawekee nafasi mapema, kabla hawajaanza kufaulu.

Wasalimie walimu, walinzi, na watukutu wote mmoja mmoja.

Mimi mama mwenye matumaini,
Mwanapili binti Machano

Baada ya kutia saini: Nimempa Matar asahihishe barua. Hakubisha. Kafurahi, hata kala sahani mbili. Kasema yuko tayari kulima mpaka mikono ipasuke, ila siku ya wazazi kutembelea, mimi nisende. Nimelia, Ndugu Mkuu, sikufichi. Futa jina la Matar. Kama mnapokea watu wazima, niandikie.